Vibanio Viwili

Sauti ilitangulia. Kabla sijaona jicho wala mkia, nilisikia kitu kikijivuta ndani ya boksi la viatu, taratibu, kama mtu anayekunja karatasi kwa woga wa kuwaamsha wenzake. Boksi lilikuwa juu ya meza yetu ya kulia, Barking, mashariki ya London, ghorofa ya tano, katika wiki ya baridi kali. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Baba alikuwa hajavua koti. Kati yetu watatu hakuna aliyekuwa na haraka ya kufungua.

Sauti ile hunirudia kila ninapochomoa karatasi ya kuokea kwenye droo. Juzi niliichomoa, ikajikunjua yenyewe juu ya meza, nami nikajikuta nimesimama mkono hewani, nina miaka tisa tena, moyo unanidunda kwa ajili ya nyoka mmoja na mwanamke mmoja. Nyoka bado ninaye. Amelala chumba cha pili ninapoandika haya. Mwanamke ndiye niliyempoteza, na nilimpoteza kwa sentensi moja ya kweli.

Mtashangaa nyoka aliingiaje katika nyumba ya Wapemba. Sisi tunasemwa tayari kwa uchawi, hatukuhitaji kuongeza ushahidi. Lakini Baba aliponzwa na ulimi wake mwenyewe. Mbele ya Bi Mize, mwalimu wangu wa Kurani, alitamka kwamba nikihitimu Juzuu Amma atanipa mnyama yeyote nitakayemtaka. Nadhani akilini mwake alikuwa akimwona samaki mwekundu ndani ya bakuli. Mimi nikauchukua mkataba wa nyumba kutoka kwenye droo ya makaratasi nikausoma na kamusi pembeni. Mbwa hapana. Paka hapana. Ndege hapana, sungura hapana. Nyoka hakuandikwa. Baba aliusoma mkataba ule mara mbili baada yangu, akitafuta nyoka kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtu aliyedondosha sindano.

"Ahadi ni deni, baba," Bi Mize alimwambia, kabla hajajua ni mnyama gani.

Ndiyo ikawa. Alikuwa chatu mdogo wa ile aina ambayo ikiogopa hujiviringisha ikawa kama mpira, kichwa ndani. Urefu wake ulikuwa kutoka begani hadi kwenye vidole vyangu, unene wake kidole gumba cha Baba, na rangi yake ilikuwa ya halua iliyopoa: kahawia nzito, na mabaka ya dhahabu pale mafuta yanapong'aa. Nikamwita Halua.

Muuzaji, mwanamume wa ndevu nyekundu aliyeishi vituo vichache vya treni kutoka kwetu, alimpa Baba karatasi ya maagizo, nami niliihifadhi pamoja na cheti changu cha kuogelea. Wiki nzima asiguswe. Apewe upande wa joto na upande wa ubaridi, na mahali pa kujificha kila upande. Asisumbuliwe, asipigiwe kelele. Wiki ikitimia apewe panya mdogo wa friza, aliyeyeyushwa na kupashwa. Kifuniko kifungwe daima. Na mwishoni, kwa maneno yaliyopigiwa mstari mara mbili: usiku mmoja wa baridi unatosha kumuua.

Tuliliweka tangi la kioo chumbani kwangu, juu ya kabati fupi. Kifuniko chake kilikuwa wavu wa chuma wenye vibanio viwili vya kukunja, kimoja kila upande. Ukivifunga vinatoa sauti ndogo, tak, na ukivifungua vinasimama juu ya kifuniko kama masikio ya paka. Juu ya wavu, upande mmoja, ilikaa balbu ya joto isiyotoa mwanga, ndani ya kofia yake ya bati. Chini nilitandika karatasi za jikoni. Upande wa joto nikamwekea nusu ya kifuu cha nazi, nimekitoboa mlango kwa kisu na kujikata kidole. Upande wa pili nikamwekea boksi la majani ya chai. Tangi lote nikalizungushia kanga kuukuu ya Mama ili asione miguu yetu ikipita. Aliingia ndani ya kifuu jioni ile ile, na kwa siku tatu nilichokijua juu yake ni ile sauti tu, karatasi ikikunjwa, pale nilipobana pumzi na kusikiliza.

Mama aliapa kiapo kimoja, akakiapa wima.

"Siku nitakayomkuta nje ya hilo tangi, hata ncha ya mkia, siku hiyo hiyo anarudi alikotoka. Na wewe Baba Salha ndiye utakayemsindikiza."

"Mama Salha, nyoka mwenyewe kama kamba ya kiatu."

"Basi atarudi na viatu vyako."

Mama alikuwa mtu wa neno lake. Kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, walimwita wao kwa wao kwa jina la kengele ya moto. Kwa hiyo nilijua jambo moja lililo wazi kama mwangaza: Halua akitoka tangini, nimempoteza.

Sasa niwaambie juu ya Bi Mize. Alikuja kwetu kila Alhamisi jioni na kila Jumamosi mchana, kwa mabasi mawili, kutoka chumba alichopanga peke yake East Ham. Alikuwa mwembamba, mjane, na juu ya buibui lake alivaa koti zito la kiume lililomfika miguuni, la marehemu mumewe, lenye harufu ya mafuta ya karafuu na peremende. Alinionyesha herufi kwa sindano ya kufumia sweta. Na alikuwa na kanuni moja: kwake yeye Kiingereza hakikuwepo. Watoto tuliozaliwa huku tulikuwa tukiambiwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Hata wazazi wetu walikwisha kuzoea. Bi Mize ukimjibu kwa Kiingereza alitazama dirishani kama aliyesikia gari likipita. Ungerudia mpaka useme vizuri. Kwa hiyo katika dunia nzima alikuwa mtu mmoja tu niliyezungumza naye Kiswahili, na niliamini kwa moyo wangu wote kwamba lugha nyingine haijui.

Alhamisi ile, siku ya nne ya Halua, alipata habari. Alisimama kizingitini mwa chumba changu, mkono umeshika fremu ya mlango.

"Nyoka, tena mmempa jina la chakula?"

"Rangi yake, Mwalimu."

"Na mimi rangi yangu ya tende. Mbona hamniiti tende?" Kisha sauti yake ikashuka. "Wamemsemesha?"

Sikuelewa. Akanieleza, bila kuvuka kizingiti, kwamba kwao nyoka akionekana ndani ya nyumba hapigwi kwanza. Huenda si nyoka. Huambiwa kwa adabu atoke, siku tatu, kama ni katika wale wengine atasikia na kwenda zake. Baba, aliyekuwa akipita na taulo, alicheka.

"Mwalimu, huyu ana risiti. Majini hawauzwi kwa risiti."

"Wewe unajua wanauzwaje?" Bi Mize alimjibu. Baba akaenda kuoga.

Bi Mize akalikabili tangi, umbali wa hatua nne, akajiweka mtandio sawa. Alisema naye kama anavyosema mtu na mgeni wa heshima aliyekosea nyumba. "Wewe uliyemo humo. Kama u nyoka, kaa kwa amani, watoto wakutunze. Kama u mwingine, tunakuomba kwa ahadi ya Nabii Suleiman utoke, usimdhuru mtu wala usidhurike. Leo siku ya kwanza." Ndani ya kifuu, kimya. Nilihesabu kwa vidole. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Itakuwaje kama Halua si nyoka, na amesikia?

Jumamosi asubuhi niliamka nikamkuta Mama chumbani kwangu, amenipa mgongo. Alikuwa akiweka bakuli juu ya tangi.

Hapa lazima nieleze mkate wa kumimina. Mchele unalazwa majini, unasagwa na tui zito la nazi, sukari, hiliki na hamira, kisha rojo yake inaachwa mahali pa joto iumuke mpaka itoe mapovu. Mahali pa joto Pemba ni popote. Barking, na hita inayowashwa kwa saa, suala hilo lilikuwa limemuumiza Mama kichwa kwa miaka. Rojo ilikaa kwenye kabati la boila ikagoma. Ilikaa ndani ya oveni yenye taa ikagoma. Na kila Jumamosi ilibidi mkate uwepo, kwa sababu Bi Mize alikuwa na udhaifu mmoja tu hapa duniani, nao ulikuwa kipande cha mkate wa kumimina na chai ya rangi.

Baba alikuwa amekataza kitu chochote kisiwekwe juu ya tangi, akihofia moto. Mama akageuka, akaniona, akaweka kidole mdomoni.

"Usimwambie baba yako. Joto lote hili la nyoka linapotea bure."

Bakuli halikukaa sawa. Vibanio vilikuwa vikilizuia. Akavifungua, vikasimama kama masikio, akakaza bakuli katikati yake, pembeni ya ile balbu. Uzito wa bakuli ukakibana kifuniko. Nilicheka. Ilikuwa siri tamu, mimi na Mama na Halua. Saa tano na kitu akaja kulichukua, rojo imepanda mpaka ukingoni; nilikuwa sebuleni nikirudia sura zangu, nikasikia tu miguu yake ikienda na kurudi. Akauoka, akauacha mezani umefunikwa, akavaa viatu vya kazi, akaenda zamu yake mpaka usiku.

Bi Mize alifika amelowa. Mvua ya Januari haina adabu, inanyesha kutoka pembeni. Akalitundika koti lake juu ya hita ya chumbani kwangu likauke, tukakaa sebuleni tukasoma. Ilipofika Alasiri akaniambia nimalize kwanza mstari niliokuwa nikiukosea, akaenda kuswali peke yake chumbani kwangu, kwa kuwa ndicho chumba ambacho kibla chake kilikuwa wazi. Baba akarudi na mifuko ya supamaketi. Tukanywa chai. Bi Mize akakata mkate, akaula kwa macho yaliyofumbwa, akasema, "Leo umeumuka kama wa nyumbani. Mama yako Rahma kaufanyaje?" Nikatazama kikombe changu nikatabasamu.

Kisha nikaenda kusikiliza.

Nilibana pumzi kama kawaida yangu. Hapakuwa na sauti. Nikafunua kanga. Nikainua macho. Vibanio vyote viwili vilikuwa vimesimama, na upande mmoja wa kifuniko umejiinua upana wa kidole, si zaidi. Niliinua kifuu kwa mkono uliokatazwa. Chini yake palikuwa na duara dogo kavu, mahali alipokuwa amelala siku tano.

Nilienda kusimama mbele ya Baba, na alivyoniona tu akaweka chini mfuko wa vitunguu.

Tulitafuta. Chini ya kitanda, ndani ya viatu, nyuma ya vitabu, kwenye mabomba. Baba alilala kifudifudi na tochi ya simu, shati lake la kazi likafagia vumbi la miaka. Dirisha la bafuni lilikuwa wazi kidogo, na hewa iliyoingia ilikuwa kama kisu. Nje giza lilikwisha kuanza, saa kumi tu jioni, kama ilivyo huku wakati huo wa mwaka. Usiku mmoja wa baridi unatosha. Mama anarudi usiku. Vitu hivyo viwili vilikuwa vikitembea kichwani mwangu kama miguu miwili ya mtu mmoja anayekuja.

Bi Mize alikaa sebuleni miguu ameipandisha juu ya kiti cha pili, buibui amelikunja magotini, midomo ikienda.

"Siku ya tatu," nilimsikia akisema. "Subhanallah. Siku ya tatu."

Baba akarudi chumbani kwangu, akasimama mbele ya tangi. Alikuwa mpole, karani wa hospitali, mtu wa kupanga mafaili. Hasira yake ilikuja kwa sauti ya chini, na ilitisha zaidi kwa sababu hiyo.

"Vibanio hivi nilivifunga mwenyewe jana usiku. Nani amevifungua?"

Nikasogea karibu. Na pale, juu ya wavu, nikaiona: tone moja la rojo, limekauka, jeupe, ukubwa wa punje ya mchele. Baba alikuwa amegeuka kutazama nyuma ya pazia. Nililikwangua kwa ukucha. Sijui kwa nini nilitia kidole mdomoni. Nazi. Hiliki. Hamira kidogo, ule uchachu wake.

Nilipoinua macho, Bi Mize alikuwa mlangoni. Sikuwa nimemsikia akija. Alikuwa ananitazama, mimi na kidole changu, naye ladha ile ile haijamtoka mdomoni.

Mtoto wa miaka tisa anaweza kufikiri haraka kuliko mwanasheria. Nilifikiri hivi. Nikisema ni Mama, Baba atampigia simu kazini, naye atajua kwamba Halua ametoka, na kiapo ni kiapo. Kosa la Mama litabaki ndani ya nyumba, na atakayetoka ni nyoka. Lakini kosa la Bi Mize litavaa koti, litapanda basi, litakwenda naye East Ham.

Nikamwambia Baba, kwa Kiingereza, ili Bi Mize asisikie, kwamba Mwalimu alikuwa chumbani peke yake wakati wa kuswali.

Ilikuwa kweli. Kila neno lake lilikuwa kweli.

"Huenda ni mimi, baba," Bi Mize akasema. "Nilimwambia atoke. Pengine mkono ukaufuata ulimi."

Baba akamgeukia. Kumkemea mtu wa umri ule, aliyemfundisha mwanawe kusoma, hakuweza. Kumsamehe papo hapo nako hakuweza. "Mwalimu," akasema mwisho, "ungeniambia tu. Mtoto ameshika kitabu mwaka mzima kwa ajili ya mnyama huyu."

"Kweli. Ungekuwa uungwana." Akatazama hita. "Ngojeni nivae, niwapishe mtafute."

Akalichukua koti, lilikuwa limekauka na lina joto. Akaingiza mkono wa kulia. Kisha akasimama. Nilisikia kabla ya kuelewa: karatasi ikikunjwa, taratibu, mahali fulani ndani ya kile kitambaa kizito.

"Salha," alisema kwa sauti nyembamba kama uzi. "Kuna mtu ndani ya koti hili."

"Usitikisike, Mwalimu."

"Nitikisike niende wapi?"

Nikakisogeza kitanda, nikapanda juu yake nimfikie. Mikono yangu ilikuwa baridi, nikaipulizia, nikaisugua, maana karatasi ilisema ngozi baridi humshtua. Polepole nikalirudisha koti nyuma kutoka begani kwake, kama anavyovuliwa bibi harusi, inchi kwa inchi. Kwanza ukaonekana mkia. Halafu mabaka ya dhahabu. Alikuwa amejizungusha mara mbili kwenye kifundo cha mkono wake, na kichwa kidogo kimelala pale mshipa unapopiga, kikihisi joto la damu ya mwanamke ambaye angependa kuwa mahali pengine popote duniani.

Bi Mize alifumba macho. Akaanza kusoma sura ya kwanza kabisa aliyonifundisha, kwa ule mwendo wa polepole anaoutumia kwa watoto, na alipofika mwisho akairudia. Mkono wake haukutetemeka. Miguu ilitetemeka, niliiona, buibui lilikuwa likicheza kama pazia. Mkono ulitulia kana kwamba si wake. Karatasi ilisema akijizungusha afunguliwe kuanzia mkiani, asivutwe kichwa kamwe. Nikamfungua kuanzia mkiani. Mzunguko wa kwanza. Akakaza. Nikangoja. Bi Mize akasoma. Mzunguko wa pili ukalegea, nikampokea kwa viganja viwili, mara yangu ya kwanza kumshika, mzito kuliko nilivyodhani, mkavu, mwenye joto la watu wengine.

Nikamrudisha chini ya kifuu chake. Nikafunga vibanio. Tak. Tak.

Nilipogeuka, Baba alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa analitazama lile koti.

"Ndani ya koti lako, Mwalimu," alisema polepole. Niliona mawazo yakijipanga usoni mwake kama mafaili: amefungua, amemtia katika mkono wa koti, alikuwa anaondoka naye. Lilikuwa wazo la kipuuzi. Mtu aliyeogopa nyoka vile hawezi kumbeba. Lakini Baba alikuwa amechoka na amejaa vumbi, na mimi nilikuwa nimekwisha kumpa mwanzo wa hadithi, mwenyewe akajaza mwisho.

Bi Mize alilivaa koti sawasawa. Alifunga vifungo vyake, kimoja kimoja.

"Tutakupigia simu," Baba akasema.

Mama aliporudi usiku tulimwambia Halua hajambo, na Jumatatu Halua alikula. Alimkamata panya kwa wepesi uliotutoa sauti sote, na Mama mwenyewe akasema, haya, basi sasa ni wa nyumbani. Alhamisi Bi Mize hakuja. Baba alimwambia Mama kwamba amechoka na baridi na mabasi. Mama aliendelea kusema angempelekea mkate, majira yakapita. Simu haikupigwa. Nilipelekwa darasa la msikitini, watoto thelathini, mwalimu kijana, masomo yote kwa Kiingereza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipomwambia Mama habari za lile tone. Alikuwa akiosha bakuli. Aliendelea kuliosha muda mrefu baada ya kutakata, kisha akasema, "Mkate wenyewe nilikuwa nikimpikia yeye." Mwaka ule tulimtafuta. Tuliambiwa alihamia Leicester kwa mpwa wake, na mpwa wake, kwa simu, akatuambia tumechelewa kwa msimu mmoja wa baridi. Alikuwa na sauti ya uchangamfu. "Wewe ndiye Salha wa nyoka?" aliniuliza. "Alikuwa akituhadithia mpaka tunalia kwa kucheka. Eti amevishwa bangili ya chatu."

Nikamuuliza kama Bi Mize aliwahi kusema nani aliyelifungua tangi.

"Si yeye mwenyewe? Alisema alilifungua kwa mkono wake. Mpaka mwisho tukimtania hivyo."

Ndipo nilipoketi chini. Miaka yote nilijifariji kwamba aliona kidole changu lakini hakusikia maneno yangu. Sasa nikaisikia upya ile jioni, kwa mpangilio wake. Mimi nilisema kwa Kiingereza. Baada yangu Baba alikuwa hajafungua mdomo, hajauliza jingine, hajatafsiri. Na Bi Mize akajibu. Mwanamke aliyepanda mabasi ya London miaka ishirini na zaidi, aliyeuguza mume katika hospitali za huku mpaka akamzika, alikuwa akiisikia lugha ile vizuri kabisa. Aliinyamazia kwa ajili yetu, ili pawepo mlango mmoja ambao tungelazimika kuupita kwa Kiswahili. Haya ninayoyaandika, ninayaandika kwa sababu ya ule mlango. Siku ile aliuacha wazi kwa sekunde chache ili nisishikwe na uongo wangu, na mimi sikuona.

Jioni ile nilimsindikiza mpaka ukumbini, nikiyakwepa macho yake. Alivaa viatu akiegemea ukuta, kwa kuwa mguu ulikuwa bado unamcheza. Mfuko wake wa msahafu ulikuwa kwapani. Nilidhani atanisema. Nilikuwa tayari kuchapwa hata na ile sindano ya kufumia.

"Soma kila siku," aliniambia. "Hata mstari mmoja. Na yule," akaelekeza kidevu chumbani, "mfunge vizuri. Nyumba ni ya kwake sasa."

Nilimjibu kwa Kiswahili, vizuri, bila kurudishwa. "Ndiyo, Mwalimu."

Akatoka. Hakuuachia mlango ujibamize, kama ulivyozoea. Aliushika kwa nje na kuuvuta taratibu, kama mtu asiyetaka kumshtua aliyemo ndani, mpaka ulimi wa kitasa ukaingia mahali pake. Tak.